Nukta Yenye Mkia

Mwalimu aliogopa mbwa. Naanza na hilo kwa sababu wanachama wa klabu hawakulijua, na wangelijua wangecheka mpaka machozi. Mimi nililijua kwa kuwa tulitembea pamoja kwenda kazini miaka sita. Yeye alitoka mtaa wa Maringo, mimi mtaa wa Jericho, tukakutana Jogoo Road, tukavuka na kuingia katika lile kundi la vibarua wanaokwenda viwandani kwa miguu. Kulikuwa na kiwanda kimoja cha rangi ambacho mlinzi wake alifuga mbwa wawili. Tukikaribia lango lile, Mwalimu alianza kusogea kidogo kidogo, mpaka ikawa mimi ndiye niliye upande wa mbwa.

"Karani, wewe tembea huku," alikuwa akiniambia. "Hao wanakujua."

Hawakunijua hata kidogo. Lakini nilitembea upande huo, naye akaendelea na hadithi yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kupiga bastola. Uwanja wetu wa shabaha ulikuwa katika timbo la zamani, ng'ambo ya mtaa wa Mukuru kwa Njenga, mahali ambapo mawe yalikwisha kuchimbwa na kuta zikabaki kuzuia risasi. Ulikuwa wa klabu ya watu wenye vibali: wafanyabiashara, mawakili, wenye mashamba ya maua. Miaka hiyo ya tisini magari yaliporwa mchana kweupe. Kila mwenye gari zuri alitaka kibali cha bastola, na kila aliyekipata aligundua kwamba hajui kuitumia. Ndipo walipoletwa kwa Mwalimu. Mimi nilikuwa karani wa langoni. Niliandika majina, nilitunza funguo za kabati la chuma, na jioni niliziba matundu ya shabaha za karatasi kwa vipande vya gazeti na gundi ya unga.

Sijui alizaliwa wapi, wala ni nani aliyemfundisha yeye. Aliwahi kuvaa sare ya serikali, hilo lilionekana kwa jinsi alivyopiga pasi suruali zake, lakini ukimuuliza alijibu tu, "Nilikuwa huko," na mazungumzo yakaishia hapo.

Haraka hakuipenda. Mwanachama mpya alipokuja na bastola inayong'aa na risasi zake kwenye sanduku, Mwalimu alimwambia risasi aziweke kando. Wiki ya kwanza ilikuwa ya bastola tupu. Aliweka kizibo cha soda juu ya mtutu, na mwanafunzi alitakiwa kuvuta triga bila kizibo kuanguka. Nimewaona wanaume wenye kampuni zao wakiinama kuokota kizibo asubuhi nzima, shati limelowa mgongoni, na Mwalimu amesimama pembeni mikono nyuma.

"Bastola haina haraka," aliwaambia. "Ni wewe uko na haraka. Unaenda wapi?"

Kuna waliokasirika wakaondoka. Wengi walirudi. Mmoja, wakili mnene mwenye sauti ya mahakamani, aliwahi kumwambia kwamba yeye hakulipa ada ili aokote vizibo. Mwalimu akamwita karani. Nilikuja na leso yangu kiunoni na ndara miguuni, nikaishika bastola ya yule bwana, nikavuta triga mara kumi, kizibo kikakaa. Alikuwa amenifundisha mwenyewe, katika zile alasiri za mvua ambapo hakuna mwanachama aliyekuja, na nadhani alinifundisha nusu kwa wema na nusu apate mtu wa kuwaaibisha wakubwa. Wakili aliokota kizibo chake.

Mtu huyu hakuwa na bastola yake mwenyewe. Nyumbani kwake hakuruhusu hata ya kuchezea. Watoto wa mtaa walipokunja waya wakatengeneza bunduki, aliwanyang'anya, akaketi nao kwenye ngazi, akaukunja upya waya ule ule kuwa gari lenye usukani mrefu wa kusukumia. Jumapili aliimba besi katika kwaya, na Jumatatu njiani alikuwa bado anaivumavuma ile besi, bila sauti za juu, hivyo nikawa najua nusu ya chini tu ya nyimbo nyingi. Vijana wa kona walimpenda. "Niaje, mzee wa moto," walikuwa wakimwambia, naye anawajibu bila kusimama, "Poa. Lakini enda uoge kwanza."

Mikono yake ilijua kazi. Wanachama waliokuwa na viganja vidogo aliwachongea vishikio vipya vya bastola, kwa mti mgumu, kwa kisu kidogo alichokinoa kwenye sakafu ya ofisi. Alikishika kiganja chako, akakigeuza, akakibonyeza hapa na pale, wala hakukipima tena. Wiki iliyofuata kishikio kilikuwa tayari na kiliingia mkononi barabara. Nilidhani ni kipaji tu. Sasa nadhani kwamba huenda vidole vilikwisha kuanza kufanya kazi ya macho, na hakuna kati yetu aliyetambua.

Alikuwa na sheria moja aliyoitunga mwenyewe, na aliishika kuliko zote zilizobandikwa ukutani. Bastola yoyote iliyotoka kurekebishwa pa kulengea ilitazamwa na watu wawili kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Wa kwanza anatazama, ananyamaza. Wa pili anatazama, anasema kwa sauti anachokiona. Kisha wa kwanza anasema chake. Maneno yasipolingana, bastola inarudi kabatini. Mara nyingi wa pili nilikuwa mimi.

"Jicho lako linakupenda sana," alinieleza. "Litakuambia kile unataka."

Katikati ya miaka hiyo ya tisini Mwenyekiti wa klabu alirudi kutoka ng'ambo na vioo viwili vya kulengea. Sisi tulizoea bastola za kawaida, zenye kijichuma mbele na mwanya nyuma, ukavipanga viwili hivyo mstari mmoja na shabaha. Hivi vilikuwa vya namna nyingine. Unatazama ndani ya kioo unaona nukta nyekundu inaelea, na inapokaa nukta ndipo risasi inapokwenda. Huna cha kupanga. Unaacha macho yote mawili wazi na kuitazama shabaha yenyewe. Kioo kimoja kilikuwa ndani ya bomba refu lililoifanya bastola ionekane imebeba mzigo. Cha pili kilikuwa kidogo sana, kipande cha kioo kilichosimama juu ya kitako cha chuma kisichofika ukubwa wa kiberiti. Mwenyekiti alitaka Mwalimu avipime, achague kimoja, klabu iagize vingine, na yeye Mwalimu awafundishe wanachama.

Alianza kwa dharau. Alisema kitu cha betri kitakufa siku unapokihitaji. Lakini hakuwa mtu wa kukataa kitu kabla ya kukishika, na baada ya siku chache nilimwona amekolea. Aliniomba rangi ya kucha. Nilicheka, nikamletea, akachora mstari mwekundu kuanzia kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma, ili baada ya risasi mia ajue kwa kutazama mara moja kama skrubu imelegea. Alijaribu mwanga wote, kuanzia nukta kali mno inayofunika shabaha nzima hadi hafifu ambayo jua la saa sita linaimeza. Akaniambia kwamba nukta kubwa inaonekana upesi na ndogo inafaa mbali, na kwamba watu wetu hawatawahi kupiga mbali. Aligundua pia kwamba ukiinua bastola vibaya huioni nukta kabisa, unabaki kuitikisatikisa ukiitafuta, na hilo lilimfurahisha.

"Unaona? Bado ni mkono," alisema. "Wakiinua mkono vile niliwafunza, nukta itakuja yenyewe."

Bastola yenye kioo haikuingia tena kwenye mfuko wake wa ngozi, kwa hiyo ilibidi ushonwe mpya. Fundi alikuwa wa soko la Kariokor, mtu wa kushona viatu vya matairi na mikoba, lakini bastola haiwezi kupelekwa sokoni. Mwalimu alichonga mfano wake kwa mti, mgongo na mtutu na kile kioo kidogo juu, kila kipimo sawasawa. Kishikio hakukichonga. Aliogopa askari wa doria wangeuona ule mti mkononi mwake wakafyatua kwanza na kuuliza baadaye. Fundi aliugeuzageuza, akauliza ni kitu gani, Mwalimu akamwambia ni sehemu ya cherehani. Mfuko ulitoka vizuri sana.

Najichelewesha hapa kwa sababu yafuatayo sipendi kuyasimulia.

Siku moja Mwalimu alinipa vioo vyote viwili nivifungie kabatini na kusema amemaliza kuvipima, vyote vina kasoro, hasa kile kidogo. Nilingoja aniite nitazame. Hakuniita. Katika miaka sita hakuwahi kuacha kuniita. Alitoka nje kwenda kunawa, na daftari lake lilikuwa wazi mezani. Alikuwa amechora anachokiona. Chini ya jina la kila kioo palikuwa na nukta, na kila nukta ilikuwa na mkia, umeinama kushoto.

Nilikiwasha kile kidogo, nikatazama. Nikaona nukta ya mviringo, safi. Nikatazama cha bomba. Mviringo. Vioo viwili vya viwanda viwili haviwezi kuwa na mkia ule ule upande ule ule. Nilielewa papo hapo kwamba kasoro iko kwenye jicho la Mwalimu, nikavifungia, nikaenda kukoroga gundi ya unga.

Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla ya mkutano wa kamati. Kila siku ya kazi tulitembea pamoja, kwenda na kurudi. Ilikuwa rahisi kusema. Mwalimu, macho yako hayako sawa, nenda upimwe. Nilijiambia kwamba mtu mzima haambiwi hivyo na mwanamke wa umri wa binti yake. Nilijiambia kwamba atagundua mwenyewe. Na kulikuwa na jambo la tatu ambalo sikujiambia kwa maneno. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi mwezi ule, nyumbani tulikuwa na watoto wawili, Nafula na mdogo wake, na mshahara mmoja wa karani, na mtu pekee mwingine aliyejua kufundisha pale timboni nilikuwa mimi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi, chini ya bati la uwanjani. Mwalimu alivaa koti. Aliieleza kamati habari ya betri, ya skrubu, ya mfuko wa Kariokor, na kila mtu alisikiliza, maana alieleza vizuri. Kisha akasema hawezi kushauri hata kimoja, kwa kuwa nukta zake si za mviringo.

"Hii kitu imeharibika," alisema. "Iko na mkia."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikunja uso tu, kama mtu aliyebeba zawadi kutoka mbali na kuambiwa imevunjika. Akauliza nani alitazama wa pili, kwa sababu sheria ni ya watu wawili.

"Bado," alisema Mwalimu. Akaniangalia. "Karani ataangalia sasa."

Aliniwekea kioo mkononi mwenyewe. Watu saba walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema sioni vizuri, jua ni kali. Ningeweza kusema naona mkia. Wangetazama wenyewe wakanicheka, lakini yeye angepata siku moja ya kufikiri.

"Naona mviringo, Mwalimu," nilisema. "Hauna mkia. Iko sawa tu."

Kioo kilizunguka mkono kwa mkono. Kila mmoja alisema mviringo. Yule wakili mnene aliyewahi kuokota vizibo ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, kwamba je, zile bastola ambazo Mwalimu amezirekebisha mwaka huu, ni nani aliyeziona. Mimi niliziona pamoja naye na zilikuwa sawa, lakini hakuna aliyeniuliza hilo, nami sikulisema.

Hawakumfukuza. Walimshukuru. Walimpa saa ya ukutani na karamu ndogo ya nyama choma, na hotuba, na hakuna aliyemwambia aende kwa daktari wa macho, kwa sababu kila mtu alidhani huo ni uzee tu na uzee hauna dawa. Nami nilidhani hivyo, au nilitaka kudhani. Mwenyekiti aliniomba nishike masomo kwa muda. Muda haukuisha. Kamati iliagiza vile vioo vidogo, nami nikawafundisha wanachama kuinua mkono vile alivyonifundisha, na nukta ikawajia yenyewe, na wakanisifu.

Nilianza kupita njia nyingine asubuhi. Maringo na Jericho zinagusana, mtu anaweza kutoka huku kwenda kule na sufuria ya mboga mkononi bado ina moto, lakini kwa karibu miaka miwili nilifanikiwa kutomwona. Nilisikia bado anaimba. Nilisikia anachonga miiko na kuuza kanisani. Nikikutana na mkewe sokoni nilimsalimia kwa kelele nyingi na kumuuliza habari za mzee, kisha nikakumbuka kwamba nina haraka.

Halafu alikuja mwanafunzi mpya, daktari wa macho, mwanamke mwenye mzaha. Siku ya kwanza alivua miwani yake aifute, akainua bastola bila kuivaa, akacheka.

"Ona, nukta yangu imeota mkia," alisema. "Ni jicho langu, halijakaa mviringo. Wengi wako hivi, na hawajui." Akavaa miwani. "Sasa iko sawa."

Nilimuuliza kama ni ugonjwa wa wazee. Akasema ni umbo la jicho tu, hata mtoto anaweza kuwa nalo, na dawa yake ni miwani aliyovaa. Nilimaliza somo. Sikumbuki nilifundisha nini.

Jumapili hiyo baada ya ibada nilienda Maringo. Mkewe alinifungulia mlango, akaniambia, "Karibu, mama. Umepotea," bila ukali wowote. Mwalimu alikuwa ameketi karibu na dirisha, gazeti limefunguliwa magotini. Alikuwa amevaa miwani.

"Karibu, Mwalimu," aliniambia.

Sijawahi kuona aibu namna ile kwa kuitwa jina la kazi yangu. Nilikaa. Chai ililetwa. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba nzima njiani kuhusu daktari na umbo la jicho, nikaanza kuitoa, nikaona haina kazi tena, maana miwani ilikuwa pale usoni pake. Aliniacha nimalize.

"Hii nilipewa mwezi uliofuata," alisema, akagusa fremu. "Mama hapa alinipeleka kliniki. Nikavaa, nikatoka nje, nikaangalia taa za magari. Hakuna mkia."

"Mbona hukurudi?"

"Kulikuwa na mwalimu."

Nilimwambia nitazungumza na Mwenyekiti. Alitikisa kichwa, akakunja gazeti, akalipanga kingo zake taratibu.

"Mama Nafula, wacha nikuulize. Hiyo siku ya mkutano, ulikuwa unajua tayari?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Ndio," alisema. "Uliacha kuongea njiani. Nikajua umeangalia, na umeona kitu, na ni mimi. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kujiuliza. Nikasema, huyu ataniambia. Leo ataniambia. Nilikuwa napunguza mwendo ndio upate nafasi. Ungesema, ningeenda kliniki hiyo Jumatatu, na hakuna mtu angejua."

Nilikumbuka ule mwendo. Nilidhani amechoka, na nilikuwa nimemhurumia.

"Sasa niambie," alisema. "Uliogopa kunikosea heshima, ama ulitaka kazi?"

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Jibu la kwanza lilikuwa tayari mdomoni, nimelizoea miaka miwili, na nadhani wote wawili wangelipokea.

"Nilianza kwa kuogopa, Mwalimu," nilisema. "Halafu nikataka kazi."

Aliitikia kwa kichwa. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani, na hakuniuliza kitu kingine mpaka nilipoaga.